Sahani ya Maua kwa Bi Fundi

Kama ungeniuliza miaka ile ni nani katika jengo letu anayekula vizuri kuliko wote, ningekujibu Bi Fundi, bila hata kufikiri, na juu yake ningekuapia. Ndivyo nilivyo. Mdomo wangu unatangulia, akili inakuja na basi linalofuata.

Ushahidi ulikuwa puani. Kila nikiwa na ofu, siku yangu ya mapumziko, ikifika adhuhuri, korido nzima ya ghorofa ya tatu ilinukia kitunguu kinachokaangwa. Si kile cha kuunguza, hapana. Kitunguu cha mpishi: kinaanza taratibu, kinageuka rangi ya kahawia, halafu inafuata iliki, halafu unasikia mwiko unagonga sufuria. Mlango wake aliuacha wazi kidogo, ati moshi utoke. Mimi na Sarah, Mganda niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja, tulikuwa upande wa pili na dengu zetu za jana, tunameza mate.

"Banange," Sarah alikuwa akisema, "huyu maama leo biriani tena? Kila siku?"

"Wazanzibari hao," nikamjibu kwa kujidai, maana mimi wa Tanga najiona nawajua. "Hawali kama sisi. Wana watu wao hapa Dubai tangu zamani."

Jengo lenyewe lilikuwa mtaa wa International City, ambako asubuhi basi linazoa watu wa kila taifa na kuwapeleka metro. Wengi wetu tulipanga kitanda tu. Yeye alikuwa na chumba chake mwenyewe, na jiko lake, na pazia alilolishona kwa mkono. Kwetu sisi huyo alikuwa tajiri. Alizaliwa wapi, mtoto wa nani, alikuja huku na nani, siwezi kukusimulia. Hakusema, na mtu mzima haulizwi mambo hayo kwenye korido. Nilijua kazi yake, na kazi yake ndiyo iliyokuwa jina lake.

Alishona. Mabaibui, magauni ya harusi, mapazia, sare za wahudumu zilizobana. Alizungumza huku pini tatu ziko kati ya midomo, na hakuwahi kumeza hata moja. Hakuamini utepe wa kupimia. Alikupima kwa shibiri, kidole gumba kikifuata kidole kidogo, kutoka begani mpaka kiunoni, na ukitikisika unalo. "Yalla, simama wima, mwanangu. Usinisimamie kama pweza." Nilimpelekea kitenge changu cha kijani chenye ndege, akanishonea gauni ambalo nikilivaa hata supavaiza wangu ananisalimia kwa adabu.

Alikuwa na mkoba wa viraka. Kila nguo aliyoishona, kipande kidogo cha masalio kilikwenda kwenye mkoba ule, na akiwa na furaha alikusomea kama ramani. Hiki cha bibi harusi aliyelia siku nzima. Hiki cha madam wa Jumeirah aliyenenepa wiki moja kabla ya shughuli. Hiki chako, mwanangu, cha ndege. Ndege mmoja mzima alikuwa amekaa pale karibu na mpini, mdomo wazi.

Na alikuwa na maneno makali, usione. Mambo ya kisasa yalimkera, na lililomkera kuliko yote lilikuwa sambusa za jibini. "Ati sambusa ya jibini! Ng'ombe kakamuliwa, kaachwa mzima, halafu wanakwambia hii sambusa. Nyama iko wapi? Mie kitu hicho hakitoki jikoni kwangu mpaka nife." Nilicheka mpaka akanichoma na pini, kwa bahati mbaya alisema.

Sikuwahi kumwona akila. Hilo nililijua siku zote lakini sikulitazama. Ukimkaribisha, jibu lilikuwa lile lile, na mkono kifuani: "N'shakula, mwanangu. N'shakula zamani, tena n'meshiba mpaka nashindwa kuinama." Harusini alikaa karibu na mlango na kurekebisha pindo la bibi harusi wakati watu wako kwenye masinia. Halafu kulikuwa na funga zake. Jumatatu na Alhamisi, sunna, sawa. Baadaye ikawa Jumanne pia. Baadaye ukimgongea Jumamosi, midomo imemkauka, anakwambia kwa upole, "Leo nafunga." Mimi ninayedaiwa siku za Ramadhani ya mwaka juzi nilijisikia vibaya mbele yake. Nilimwambia Sarah kuwa yule mama ni walii, anaishi kwa ibada. Wallahi nilisema hivyo.

Mpaka leo sijui zipi zilikuwa funga na zipi zilikuwa njaa. Na kinachonichanganya zaidi, sidhani kama yeye mwenyewe alijua. Mtu akinuia kabla ya alfajiri kwa kuwa hana cha kula, hiyo nia inaandikwaje? Nimeshalala na swali hilo mara nyingi na sijaamka na jibu.

Sasa nije kwenye sahani, maana ndiyo iliyoniponza.

Kwetu Tanga, na kwao Unguja hali kadhalika, jirani akikuletea chakula humrudishii sahani ikiwa inang'aa tu. Ni aibu. Unatia kitu ndani, hata kama ni ndimu mbili. Nilikua naona mama akigeuza nyumba nzima kutafuta cha kuweka kwenye sahani ya watu. Kwa hiyo nilipopata jirani anayeijua mila hiyo hapa ugenini, nilifurahi kama mtoto. Nilikuwa na sahani moja nzuri, nyeupe, yenye maua ya bluu ukingoni. Kila nikipika kitu cha maana, wali wa nazi au maharage mazuri, namjazia Bi Fundi, nafunika na kitambaa, nagonga mlango.

"Hodi, Bi Fundi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umejisumbua nini tena? Mie n'shakula."

"Utakula baadaye."

Anapokea mlangoni. Ndani hakunikaribisha, siku zote nyumba ilikuwa "imekaa vibaya". Na kesho yake sahani inarudi. Mwanzo ilirudi na vitumbua vya moto, visheti, kaimati zinazong'aa shira. Mimi na Sarah tulizigombania. Na ngoja niseme ukweli hata kama unaniaibisha: baada ya muda nilikuwa nampelekea chakula nikifikiria vile vitumbua. Wali wangu ulikuwa chambo.

Kisha vitu vikaanza kupungua. Vitumbua vikawa vinne, vikawa viwili. Mara sahani ikaja na bisi. Mara na vipande vya mkate wa kawaida, vimekatwa pembe tatu na kupakwa sukari. Siku moja ilikuja na ndimu moja na jani la mnanaa, vimepangwa katikati vizuri kabisa.

"Huyu maama yako amekuwa mchoyo," Sarah akasema.

Na mimi, badala ya kumkemea, nikaongeza. Nikasema matajiri ndivyo walivyo, eti ana mtoto Maskati anamletea kila kitu, lakini kutoa kunamuuma. Nikasema nitaendelea kumpelekea hivyo hivyo, tena mara nyingi zaidi, tuone kama hataona haya. Nikaanza kupeleka sahani kila baada ya siku moja. Ee Mola wangu. Nilikuwa namkomoa kwa wali.

Ukaja mwezi wa Ramadhani. Nilikuwa nasafisha vyumba hoteli moja Al Barsha, mahali ambapo bafe ikifungwa mikate na mayai yanaingia kwenye mifuko myeusi, na sisi tunapita na vigari vyetu vya mashuka tukitazama pembeni kwa sababu kutoka hata na ndizi ni kosa la kufukuzwa. Siku hiyo shifti iliisha karibu na magharibi. Nilikuwa nakimbilia metro, nikapita kwenye msikiti ambapo wanagawa maboksi ya futari. Kijana mmoja akanisukumia boksi, "Ramadhan karim, sister," nikachukua, nikashukuru, wala sikupunguza mwendo. Mimi mwenye mshahara, mwenye chakula cha hotelini siku zisizo za funga. Sikuona aibu hata chembe.

Ndipo nikaona foleni ya wanawake. Palikuwa na mmoja mwenye nikabu, amesimama pembeni kidogo ya wenzake, kama mtu anayesubiri basi na imetokea tu foleni ikamkuta hapo. Nisingemjua. Lakini mkononi alikuwa na mkoba wa viraka, na karibu na mpini alikuwepo ndege wangu wa kijani, mdomo wazi.

Bi Fundi havai nikabu. Na kutoka International City mpaka Al Barsha ni basi, kisha metro, kisha miguu, na kwetu kule misikiti inayogawa futari imejaa tele. Nilisimama nyuma ya gari la mtu nikijaribu kupatanisha mambo haya. Nilijiambia labda anamchukulia mtu mwingine. Nilijiambia labda mkoba kauuza. Akasogea, akapokea boksi kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akalitia mkobani na kulifunika na kanga. Nilipaswa kumsalimia? Nilipaswa kukimbia? Nilizunguka kwa kupitia maegesho ya magari ili asinione. Mpaka leo miguu yangu inaona haya kwa njia ile.

Kwenye metro nikafuturu na lile boksi. Tende tatu, maji, wali na paja la kuku, na sambusa mbili. Niliuma moja. Jibini.

Siku ya pili yake nilikuwa na ofu. Alasiri mlango ukagongwa. Bi Fundi, uso wazi, tabasamu, na sahani yangu ya maua imefunikwa.

"Futari yako, mwanangu. N'mepika mwenyewe. Usiniambie kidogo, mikono skuizi haina nguvu."

Nikafunua. Tende tatu. Paja la kuku, wali umepanguswa wote. Sambusa mbili.

Sikuhitaji kuuma ili nijue, lakini magharibi ilipofika niliuma. Jibini. Kile kitu kisichotoka jikoni kwake mpaka afe. Kumbe alikwenda na kurudi mwendo wote ule, amejifunika uso, na alipofika nyumbani boksi hakuligusa. Labda wali aliula. Labda. Vingine vyote vilingoja sahani yangu. Mimi niliyekuwa najiona namlisha ndiye niliyekuwa namnyang'anya tonge mdomoni, kila baada ya siku moja, kwa kitambaa kizuri juu. Nilikaa kitandani na sambusa mkononi, Sarah ananiuliza mbona nalia, nami namwambia pilipili.

Haya, ukishajua, unafanya nini? Niambie wewe, maana mimi nilifanya kila kitu na vyote vilikuwa makosa.

Kwanza nikaacha kupeleka. Nikajisemea, khalas, nisimwongezee mzigo. Wiki moja haijaisha akanisimamisha kwenye lifti, machozi yanamlengalenga. "Mwanangu, n'mekukosea nini? Mkono wangu haukukupendeza?" Nikabwabwaja uongo kuhusu shifti.

Kisha nikapata akili ya kujisifu. Nikampelekea wali kwenye kopo la plastiki, lile la kutupa, kusudi asiwe na kitu cha kurudisha. Nilijiona mjanja. Alilitazama kopo, akanitazama mimi. "Hii ndiyo sahani ya wageni siku hizi?" Akapokea kwa vidole viwili. Kesho yake lile kopo la kutupa likarudi, limesuguliwa mpaka linametameta, na ndani mna tende nane. Nane! Nikatamani ardhi inimeze.

Nikajaribu kazi. Nilichana pindo la sketi yangu ya sare kwa makusudi nikampelekea ashone. Alishona. Mshono ulikwenda upande kama mtu aliyelewa, na hapo ndipo nilipoelewa habari ya macho yake, na kwa nini wateja hawaonekani tena. Niliivaa hivyo hivyo. Supavaiza akaniuliza kama nimevaa gizani, nikamwambia ndio fasheni ya kwetu. Lakini huwezi kuchana sketi kila siku.

Usifikiri kwamba sikumkasirikia. Nilimkasirikia sana. Mji huu wenye magari yale, wenye ndugu zake wa hapa, wale niliokuwa nawaona harusini na saa za dhahabu, na yeye anakaanga kitunguu. Maana kitunguu nacho nilikuwa nimeshakielewa. Siku moja nilihesabu, tangu kitunguu kianze kunukia mpaka mlango ufungwe ni dakika kumi. Biriani ya dakika kumi hakuna duniani. Kilikuwa ni kitunguu kile kile, kipande kidogo kila siku, kwa ajili ya pua zetu. Nilitaka kumgongea nimwambie, Bi Fundi, inatosha, nani anakutazama? Halafu nakumbuka jibu. Mimi. Mimi ndiye niliyekuwa namtazama.

Siku ya mwisho ninayotaka kuisimulia ilikuwa baada ya Idi kubwa, adhuhuri, na kwa mara ya kwanza korido haikunukia kitu. Nikasubiri. Nikapakua wali na mchuzi wa samaki kwenye sahani ya maua, kwa kuwa sikuwa na wazo jingine lolote maishani, nikaenda kugonga. Hakuitika. Nikasukuma mlango.

Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo umeegemea mguu wa cherehani. "Kizunguzungu tu," akasema. "Nafunga."

"Leo ni siku ya kuchinja bado, Bi Fundi. Siku za tashriki, hizi tatu za baada ya Idi. Hazifungwi."

Sikupanga kusema hivyo. Maneno yalitoka, si nimekwambia mdomo wangu. Yeye aliyenifundisha mimi dini kwa mfano wake, na siku zenyewe zimempotea. Au hazikumpotea. Sijui.

"Basi kaa," akasema.

Nikakaa sakafuni. Nyumba haikuwa imekaa vibaya. Ilikuwa imepangika vizuri mno, hakukuwa na cha kuvuruga. Nikaweka sahani kati yetu na kabla hajasema n'shakula nikatia mkono mimi kwanza, nikala tonge, nikageukia dirishani. Nikasikia naye anakula. Sikutazama. Alikula haraka, kisha akaanza kwenda polepole, kisha nikasikia anapumua.

"Watu wangu wapo," akasema. "Usidhani sina watu. Wakijua watakuja na magari yao, watanibusu mkono, na Ijumaa watanitaja kwenye dua za watu wenye dhiki. Mie n'liwashonea hao nguo zao za harusi. N'nawajua viuno vyao."

"Sitamwambia mtu."

"N'najua. Ungekuwa wa kusema ungesema ile siku ya msikitini."

Alikuwa ameniona. Muda wote ule alijua kwamba najua, na mimi nilikuwa namficha jambo alilokuwa ananificha. Na bado sahani ilikuwa inakwenda na kurudi.

Akainuka kwa kushika ukuta, akachukua sahani, akaiosha. Aliiosha mbele na nyuma, akaifuta na kanga. Kisha akasimama nayo. Nikajua anatafuta nini. Akafungua kabati la kwanza, chumvi. La pili, vikombe na kopo la iliki lililobaki chini kabisa. Kwenye meza palikuwa na nusu kitunguu kimefungwa kwenye nailoni. Akakishika. Akakiweka kwenye sahani, katikati, juu ya maua. Akakitazama. Nikataka kusema niachie, chukua, usifanye, lakini kwa mara moja katika maisha yangu mdomo ukanisaidia kwa kunyamaza.

Akakitoa kitunguu. Akakirudisha mezani.

"Chukua," akanipa sahani. "Leo haina kitu."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Sikujua niseme ahsante au niombe radhi, na mpaka leo, nakaa Discovery Gardens sasa na jirani nisiyemjua hata jina, sijui kama siku ile aliniamini au nilimshinda. Maana ni vitu tofauti, na kwa nje vinafanana kabisa. Nakumbuka tu sahani ilikuwa bado na unyevu, na nilitembea nayo kwenye korido nimeishika kama imejaa, ili mtu akichungulia asijue.

Sarah alikuwa kitandani na sare yake ya ulinzi, anavua viatu. Alinyoosha shingo.

"Ehe, maama ametuletea nini leo?"

"Vitumbua," nikasema. "Sita, vya moto. Nimevimaliza njiani."

"Vyote? Peke yako?" Akanirushia soksi. "Wewe ndio mchoyo hasa!"

"Ndiyo," nikasema. "Mimi ndiye mchoyo." Nikaiweka sahani juu ya kabati, nikaanza kuosha mchele wa kesho.